Faili la depo ya Kisauni lifunguliwe kabla ya kibali kutolewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pendekezo la kuweka depo ya kusambazia vifurushi katikati ya mtaa wa makazi huku Kisauni, Mombasa, jambo ambalo limewashughulisha majirani zangu tangu tangazo lilipobandikwa kwenye lango la kiwanja husika. Sitaitaja kampuni yenyewe, kwa kuwa ombi lake bado halijaamuliwa na nisingependa barua hii isomwe kama hukumu dhidi yake. Ninalotaka kulisema linawahusu zaidi wakazi wenzangu pamoja na maafisa wa kaunti watakaolishughulikia ombi hilo. Suala la kwanza kabisa si kama tunaipenda depo au tunaichukia, bali ni kama yaliyoandikwa kwenye faili kuhusu kiwanja kile ni ya kweli, na watu wanaoweza kulijibu suala hilo kwa uhakika ni wale walioishi kando ya ukuta wake.

Tangazo ni karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza na kubandikwa juu ya lango, mahali ambapo mzee mwenye macho hafifu hawezi kuisoma hata akijaribu. Linaeleza kwamba mwenye kiwanja anakusudia kupanua godauni lililoko na kulitumia kupokea na kugawa vifurushi, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Anayelisoma kwa haraka atadhani kwamba pale pamekuwa na shughuli za godauni miaka nenda miaka rudi, na kwamba linaloombwa ni nyongeza ndogo tu juu ya jambo lililozoeleka.

Majirani wanaijua historia nyingine. Ni kweli kwamba ua ule uliwahi kuwa godauni la saruji na lori zilikuwa zikiingia na kutoka. Baadaye lori ziliacha kuja, mafundi seremala wakakodishwa upande mmoja wa jengo, nao wakahama, kisha lango likatiwa kufuli na ua ukabaki mtupu kwa muda mrefu kiasi kwamba wapo vijana mtaani waliokua wakiujua kama uwanja wa kuchezea mpira. Mama anayekaanga mahamri na viazi karai mkabala na lango hilo anakumbuka vyema wakati shughuli zilipokoma, kwa sababu wateja wake wa alfajiri walikuwa makuli wa kupakua saruji, na walipoacha kuja ilimbidi apunguze unga anaoukanda. Hakuna karatasi ya mpimaji inayoweza kueleza jambo hilo kwa usahihi kumshinda yeye, lakini mpaka ninapoandika barua hii hakuna afisa yeyote aliyemwendea kumuuliza.

Nimelileta hilo la mahamri kwa makusudi, kwa sababu ushahidi wa namna hiyo ndio unaoweza kuamua mambo kama haya. Mfano wake bora ninaoujua ulitokea mbali na hapa, katika mtaa wa Tufnell Park kaskazini mwa London. Kampuni ya Ocado, ambayo huuza vyakula na bidhaa za nyumbani kupitia mtandao na kuzifikisha mlangoni kwa mnunuzi, ilipanga kuweka depo yake katika Bush Industrial Estate, eneo la maghala lililo jirani kabisa na shule ya msingi ya Yerbury. Mpango huo ulihusu magari ya kusambaza bidhaa yanayotumia dizeli pamoja na pampu za kuyajazia mafuta, yote hayo karibu na mahali watoto wanapochezea. Wazazi na wakazi walianzisha kampeni waliyoiita NOcado, watoto wakabeba mabango, na habari hizo zikafika kwenye magazeti makubwa ya nchi ile.

Hata hivyo, mabango peke yake yasingetosha, na hapa naomba msomaji anifuate kwa makini kwa kuwa ndipo lilipo funzo lenyewe. Chini ya sheria ya mipango ya Uingereza ya mwaka 1990, mwenye jengo anaweza kuomba cheti kinachothibitisha kwamba namna jengo linavyotumika tayari ni halali, hata kama matumizi hayo yalianza kwa kukiuka masharti, mradi athibitishe kwamba yamedumu kwa miaka 10 bila kuchukuliwa hatua. Ombi la aina hiyo halichunguzi kama depo inafaa kuwa karibu na shule, wala halipimi msongamano wa magari, wala haligusi pumzi za watoto. Linauliza tu yaliyotendeka mahali pale katika miaka iliyopita, na afisa huamua kwa kuangalia ushahidi uliowekwa mbele yake. Ikiwa ushahidi uliopo ni wa upande mmoja, uamuzi nao utaelekea upande huo huo.

Ndivyo mambo yalivyoanza kwenda. Telereal Trillium, kampuni yenye milki ile, iliomba cheti, na Baraza la Islington, yaani serikali ya mitaa ya eneo hilo, likakitoa mwezi wa Aprili 2019. Wengi wetu tungeliona jambo hilo limekwisha, tukavunja kamati na kurudi majumbani kunung'unika. Watu wa Tufnell Park hawakufanya hivyo. Waliyachunguza maelezo yaliyotumiwa kukiombea cheti, wakayalinganisha na waliyoyajua wao kuhusu majengo yale, na wakayapeleka mashaka yao kwa baraza. Oktoba mwaka uo huo baraza likakifuta cheti lililokitoa lenyewe, kwa msingi kwamba ombi lilikuwa na maelezo yasiyo sahihi katika mambo ya maana na kwamba habari nyingine muhimu hazikutolewa. Ocado ilikwenda Mahakama Kuu kuupinga uamuzi huo, na mnamo Juni 2021 Jaji Holgate akaitupilia mbali kesi yake.

Sidharau mabango ya watoto. Naamini kelele za wazazi ziliwafanya wakubwa wa baraza waone kwamba faili lile haliwezi kuachwa lilale kabatini, na bila kelele hizo huenda barua za wakazi zingekaa mezani kwa afisa bila kufunguliwa. Lakini kilichokiangusha cheti ni habari za jengo lenyewe, yaani nani alikuwamo, alifanya nini, na jengo lilitumika vipi katika miaka iliyodaiwa. Kwa hiyo ninapowaona vijana wetu wakizunguka na karatasi za kukusanya saini, nawaunga mkono kwa moyo wote, ila nawasihi kila nyumba wanayoingia waulize pia swali la pili: mzee wangu, mama yangu, mnakumbuka lini lori za saruji ziliacha kuingia hapa? Saini elfu moja zitamwonyesha afisa kwamba watu wengi hawataki depo, jambo ambalo anaweza kulisikia na kulipita. Viapo vichache vilivyoandikwa mbele ya wakili, vikitaja miaka na vikiambatanishwa na risiti za kodi za wale mafundi seremala, havipitiki kwa urahisi namna hiyo.

Kwetu Kenya sheria ni tofauti, na kwa upande wa wakazi naiona kuwa pana zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kusimamia mazingira, na Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara au madhara. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kaunti siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya uwiano ya kaunti, ambayo husikiliza rufani za mipango ya ardhi. Palipotolewa leseni ya mazingira na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, anayeipinga ana siku 60 za kufika mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira.

Haki hizo zote zina pengo moja ambalo sijasikia likijadiliwa katika vikao vyetu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, iliyotungwa kuitekeleza Ibara ya 35 ya Katiba, inampa afisa wa umma hadi siku 21 kumjibu raia aliyeomba habari, ilhali tangazo lililo langoni linatupa siku 14 pekee za kupinga. Maana yake ni kwamba mkazi anayeandika barua ya kuomba kuliona faili siku ile ile tangazo lilipobandikwa anaweza kujibiwa, kwa mujibu wa sheria kabisa, wiki nzima baada ya muda wa pingamizi kwisha. Atakuwa amelazimika kupinga maelezo ambayo hajayasoma. Pingamizi zake zitakuwa za jumla, zitasema depo ni mbaya na watoto wataumia, na mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni atazijibu kwa aya mbili. Iwapo maelezo ya faili yana kasoro, hakuna atakayeigundua mpaka kibali kiwe kimekwisha kutolewa.

Ndiyo maana naiomba serikali ya Kaunti ya Mombasa, na kaunti nyingine zilizo katika hali kama yetu, iweke utaratibu rahisi kwamba siku tangazo linapobandikwa, nakala kamili ya ombi iwekwe pia mahali ambapo mtu wa kawaida atafika kwa miguu, kama ofisi ya wadi au ya chifu, pamoja na ramani, maelezo ya historia ya kiwanja, makadirio ya idadi ya magari na saa zake za kazi. Tangazo liandikwe kwa Kiswahili pia, ambacho Katiba hiyo hiyo inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hayo hayahitaji bajeti mpya. Mashine ya kunakili inatosha, pamoja na afisa aliye tayari kuyafanya.

Kuhusu madhara yenyewe, nitasema machache, kwa kuwa wakazi wameyaeleza vizuri katika vikao. Depo ya vifurushi haifanyi kazi kama godauni la saruji hata kama paa ni lile lile. Godauni la saruji hupokea lori chache, mzigo ukashushwa na kukaa. Depo hupokea mzigo usiku au alfajiri, ukapangwa kwa haraka, kisha magari madogo na pikipiki hutoka kwa makundi asubuhi, yakarudi, yakapakia na kutoka tena. Saa ya kutoka kundi la kwanza ndiyo saa watoto wa chekechea na wa madrasa wanapopita kwenye kijia hicho hicho kisicho na njia ya waendao kwa miguu, tuktuk zikijipenyeza katikati yao, na kila anayeelekea kisiwani akiharakisha kulifikia Daraja la Nyali kabla halijaziba.

Nalo suala la moshi halipaswi kuchukuliwa kuwa malalamiko ya watu wanaodeka. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye msongamano kusini mashariki mwa London, alifariki Februari 2013 kwa ugonjwa wa pumu, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, alithibitisha kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Mama yake alikuwa ameupigania uchunguzi huo kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha hewa ya naitrojeni dayoksaidi, ambayo hutoka kwa wingi kwenye magari ya dizeli, kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Wataalamu walikuwa wameona kwamba kile kilichodhaniwa kuwa salama hakikuwa salama. Kama kaunti ina kipimo chochote cha hewa kilichochukuliwa katika mtaa wetu, kiwekwe ndani ya faili. Kama haina, basi kichukuliwe sasa, kabla ya gari la kwanza kuwashwa, ili baadaye pawe na cha kulinganishia.

Najua lipo jibu linalotolewa kila mara kwa wakazi wanaouliza maswali ya namna hii, nalo ni ajira. Silipuuzi jibu hilo. Vijana wengi hapa wameketi vibarazani na vyeti vyao, na wale wa bodaboda wanaopata kazi ya kupeleka vifurushi hulisha familia kwa kazi hiyo. Nyumbani kwetu pia tunaagiza vitu kwa simu na kulipa kwa M-Pesa kama watu wengine wote, na lazima vitu hivyo vipitie mahali fulani. Lakini ajira hizo hazipotei depo ikihamishiwa Shimanzi au Changamwe, ambako kuna magodauni na barabara zilizozoea malori. Anayetuambia kwamba lazima tuchague kati ya mkate wa kijana na usalama wa mdogo wake, aeleze kwanza kwa nini mahali pafaapo ni hapa na si huko. Nimeisubiri sababu hiyo katika vikao viwili vya hadhara na sijaisikia ikitamkwa, isipokuwa kwamba kiwanja kilipatikana kwa bei nzuri. Bei nzuri ni faida ya mnunuzi, na mtaa hauna deni la kumlipia faida hiyo.

Sisi watu wa Mombasa tunajua kinachotokea wakazi wanaposikilizwa baada ya jambo kwisha kutendeka. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliruhusiwa kufanya kazi kikigusana na nyumba za watu, na sumu ya madini ya risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Julai 2020, Mahakama ya Rufani ikauvuruga ushindi huo, na haikuwa mpaka Desemba 2024 ambapo Mahakama ya Juu iliurejesha. Depo ya vifurushi si kiwanda cha kuyeyusha betri, na sitaki mtu afikiri kwamba navifananisha kwa madhara. Ninalolitazama ni mfuatano wa mambo: kibali kwanza, maswali baadaye, kisha miaka ya kesi. Lamu ilifuata njia nyingine. Wakazi chini ya mwavuli wa Save Lamu waliipinga leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kabla haujajengwa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Huko hakuna mtoto aliyelazimika kupimwa damu ili hoja ya wakazi ikubalike.

Kwa kampuni inayoomba kibali nina neno moja, na nalisema kwa heshima. Ikiwa maelezo yenu kuhusu kiwanja ni sahihi, hamna cha kupoteza kwa kuyaweka wazi mbele ya majirani na kuwaruhusu wayahoji. Waleteni wahandisi wenu mchana, si afisa wa mahusiano pekee, na waje na makadirio ya magari. Wala msigawe fulana na unga kwa wazee wa mtaa wiki ya kikao, kama wengine walivyozoea kufanya katika miradi mingine, kwa sababu zawadi ya wakati huo huwafanya hata wale waliokuwa tayari kuwasikiliza waanze kuwashuku.

Nao wakazi wenzangu nawaomba tusiwageuzie hasira mabawabu na wafanyakazi waliotumwa kupima kiwanja. Hao wanatafuta riziki na hawakuandika faili. Chama cha wakazi kimekwisha kuandika barua ya kuomba nakala ya ombi na pia ya kuomba muda wa pingamizi uongezwe mpaka nakala hiyo itakapotolewa, na barua zote mbili zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Sasa tunakusanya maelezo ya kiapo. Yeyote aliyepata kupanga ndani ya ua ule, aliyefanya kazi ya kupakua saruji hapo, fundi seremala aliyekuwa na karakana yake upande wa nyuma, au jirani mwenye picha ya harusi au ya mechi iliyopigwa uani wakati lango lilikuwa limefungwa, alete alichonacho kwa katibu wa chama kabla ya siku 14 kwisha, hata kama ni risiti iliyochanika, mradi mwaka wake unasomeka.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa.